Mume wangu aliacha bastola, kila mtu ana bei yake na familia inataka kusambaratika

Kwako mshauri,

Naomba usiweke jina langu kwa sababu watu wa kwetu wanasoma hii safu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua figo muda mrefu.

Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. 2010 alitekwa akitoka kazini na pesa za mauzo, wakamzungusha na gari yake usiku mzima wakamwacha Ruai bila viatu. Tangu hiyo siku hakuwa analala vizuri, akafuata utaratibu wa leseni mpaka akapata, na 2011 akanunua bastola mpya dukani, Ceska, kwa laki mbili na kidogo. Kila mwaka analipia leseni, na ule uhakiki uliotangazwa Desemba 2018 alipita akapewa kadi mpya. Mimi sikuwahi kuizoea, nilikuwa naogopa hata kutandika upande wake wa kitanda, lakini nilijua venye alipitia nikanyamaza.

Alipofariki kuna jirani yetu mzee, askari mstaafu, akaniita kando akaniambia mama usilale na hiyo kitu kwa nyumba, leseni ilikuwa ya mzee na mzee hayuko. Nikapiga simu stesheni wakaja wakafungua sefu wakachukua bastola, magazini mbili (vile vibebeo vya risasi) na risasi, nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na karatasi yenye namba ya silaha. Hii ilikuwa kabla ya mazishi. Hapo ndipo shida ilianza, shemeji yangu mkubwa alisema kwa kikao cha familia mbele ya mama mkwe ati nilikimbia kuitoa kama mtu aliyekuwa anangoja mume afe, na ati pengine nimeshaiuza na hiyo karatasi ni ya kutudanganya. Mama mkwe hakusema kitu. Hiyo kimya yake ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa imekuwa bei. Shemeji alinionyesha kwa simu bastola kama hiyo inauzwa Marekani dola elfu nne, anasema hiyo ni zaidi ya laki tano na familia inafaa kupewa fungu lake. Mimi nilipigia duka moja la silaha hapa town, mtu akaniambia kati ya elfu sabini na tisini, hata hajaiona. Halafu kuna rafiki wa mume wangu, walikuwa wanafanya biashara pamoja, yeye ananipa laki moja na nusu pesa taslimu. Anasema leseni yake bado inashughulikiwa lakini ako na mtu wake stesheni anaweza kuitoa, makaratasi yatafuata polepole. Mshauri, mimi niko na karo ya muhula uliopita sijamaliza kulipa na huyu wa pili anaingia sekondari. Laki na nusu ingenitoa mahali.

Kuna na kijana wangu wa kidato cha tatu. Aliniuliza kama wanaweza kumwekea bastola ya baba mpaka awe mkubwa, nikakosa jibu nikaenda jikoni.

Nimeangalia kopi ya cheti cha mume wangu, imeandikwa CZ 75 B, 9 mm, yaani hiyo Ceska. Nataka unisaidie kujua bei yake ya kweli ni gani ili haya maneno yaishe. Nichukue pesa ya rafiki yake? Nimwachie shemeji? Ama niambie serikali waende nayo kabisa nipumue?

Mjane, Umoja

MSHAURI ANAJIBU

Dadangu, pole sana. Pole kwa mzee, na pole kwa kusimamishwa kwenye kikao kujibu maswali kama mshukiwa wakati hata udongo haujakauka.

Nianze na kitu kimoja kabla ya bei, juu nadhani umekibeba bila mtu kukuambia. Kuitoa ile bastola nyumbani haikuwa kukimbia. Leseni ya silaha Kenya hupewa mtu kwa jina lake, haipewi boma wala ukoo, kwa hivyo mzee alipofariki hakukuwa na mtu mwingine kwa hiyo nyumba mwenye ruhusa ya kuishika, si wewe, si kijana, si shemeji. Kama shemeji angeibeba kwenda nayo ushago kuiweka salama, leo yeye ndiye angekuwa na kesi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Sidhani analijua hili. Na pengine halitaingia likitoka kwa mdomo wako saa hii, huyo jirani askari mstaafu angemweleza akasikia vizuri zaidi.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja na naona maswali matatu yamefungwa pamoja: hii kitu ni ya pesa ngapi, hizo pesa ni za nani, na je hawa watu wananiamini. Wewe umeweka matumaini yote kwa lile la kwanza, kwamba ukipata bei ya kweli maneno yataisha. Nakuuliza tu kwa upole, una uhakika? Tuseme mtu mwenye duka aandike ni elfu themanini, mtu aliyekuwa anaamini ni laki tano si anaweza kusema hiyo nyingine umeificha? Ndio maana naona namna bei itakavyopatikana, na nani atakuwa hapo ikipatikana, ni muhimu kama bei yenyewe. Lakini uliuliza bei, na unastahili jibu la bei, kwa hivyo hebu tuiangalie.

Dola elfu nne ya shemeji. Mimi sioni kama alikuwa anakudanganya, kuna CZ 75 zinazofika pesa kama hizo, ila si hiyo yenu. Hiyo bastola ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikatengenezwa kwa kiwanda cha Uherský Brod wakati ikiitwa Chekoslovakia. Zile za mwanzo kabisa, za mwisho wa miaka ya sabini, zilikuwa na reli fupi kwenye fremu, ule mwili wa chini wa bastola, zilitoka chache, na kule Marekani kuna wakusanyaji wanaozitafuta kama watu wanavyotafuta sarafu za kale. Yenu ni 75 B. Hiyo herufi B imebeba mambo mengi, ni toleo lililokuja miaka ya tisini, ndani limeongezwa kizuizi kinachoshika pini isigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe, na zimetengenezwa nyingi sana. Ni bastola imara ya kazi, lakini hakuna mkusanyaji anayeipigania. Na hata ingekuwa ile ya kale, bei ya Marekani ni ya soko la Marekani ambako wanunuzi ni wengi mno, wewe huwezi kuifunga kwa bahasha ukaituma huko.

Kama shemeji ana shaka na umri wake kuna njia rahisi. Silaha za huko hupigwa muhuri wa ukaguzi, na pamoja na muhuri kuna tarakimu mbili za mwaka. Mtu wa duka akiishika anausoma hapo hapo, na shemeji anaweza kusimama kando auone kwa macho yake.

Elfu sabini ya simu nayo usiichukue kama bei, juu huyo mtu hajaona kitu. Alichokupa ni kiwango cha kujikinga. Mwenye kukadiria bastola iliyotumika anaanza na swali moja, mpya ya aina hii leo dukani Nairobi ni ngapi, halafu anashuka kutoka hapo kulingana na anachokiona mkononi. Hapa ndipo ile laki mbili na kidogo ya 2011 inapotupotosha kidogo, dola kwa sehemu kubwa ya mwaka ule ilikuwa chini ya shilingi mia na sasa imekuwa ikizunguka 129, kwa hivyo bei ya mpya ya leo kwa shilingi haifanani na ile mzee alilipa. Ulizia hiyo ya leo kwa maduka mawili matatu, bila kusema unauza, utakuwa na pa kusimamia.

Halafu hali yake. Ataangalia ndani ya mtutu kwa mwanga kama mifereji, ile mistari iliyochongwa ndani, bado ni mikali au kuna vishimo vya kutu, hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ataangalia slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, na fremu kama zinacheza, kama springi zina nguvu, kama kifyatulio na swichi ya usalama vinafanya kazi. Ataangalia rangi, kule Marekani huwa wanahesabu hata asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki, na kwa CZ nyingi za aina hiyo ile rangi nyeusi ya kupakwa hukwaruzika pembeni kwa kuingia na kutoka kwenye mfuko wake. Mikwaruzo hiyo ni ya kawaida, inapunguza kidogo tu. Mtu akikuambia tuipake rangi upya kwanza ndio ipate bei, usikubali, silaha iliyopakwa upya humfanya mnunuzi ajiulize nini kimefichwa na bei inashuka. Mzee wako alikuwa anaibeba sana ama anaipiga sana? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Iliyobebwa miaka mingi huchakaa nje na ndani ikabaki nzuri, na kutoka kwa maelezo yako nahisi yenu ni ya namna hiyo.

Tafuta pia kasha lake la dukani, risiti ya 2011, kitabu cha maelekezo. Magazini mbili za awali ni jambo zuri, mnunuzi anazihesabu. Risasi usizipigie hesabu ya pesa, hizo ziachie stesheni na utaratibu wao.

Kuna jambo la haraka hapa ambalo hakuna aliyekuambia. Bastola iko stoo ya polisi na hakuna mtu wa kuipaka mafuta. Kama iliingia huko ikiwa ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi hushika unyevu na chuma kinaanza kuota kutu pale pale ilipogusana. Unaweza kumwandikia OCS, mkuu wa stesheni, barua, kwa heshima, ukitaja namba ya OB, uombe itolewe kwenye ngozi na uombe ruhusa mwenye duka la silaha aliyesajiliwa aje aikague hapo hapo stesheni. Baki na kopi iliyogongwa muhuri. Huombi kuishika, unaomba tu isiharibike.

Kitu kingine kinachoshusha bei hakiko kwenye chuma, kiko kwa wanunuzi. Hapa kwetu mwenye haki ya kuipokea ni mtu aliyekwisha kubaliwa na Bodi ya Leseni za Silaha, ama duka lililosajiliwa, basi. Hao ni wachache, na wengi wao wanatafuta bastola nyepesi ya fremu ya plastiki kama Glock manake wanaibeba chini ya shati kutwa nzima, na hiyo yenu ni chuma tupu, karibu kilo moja kabla ya risasi. Lakini uzito huo huo mlenga shabaha anaupenda, bastola nzito hairuki sana mkononi, kwa hivyo muulize mwenye duka kama ana wateja wa wale wanaofanya mazoezi kule Kirigiti, Kiambu. Na muulize maswali mawili tofauti: ukiinunua leo mwenyewe unanipa ngapi, na nikikuachia uniuzie, unategemea itauzwa ngapi na wewe unabaki na ngapi. Majibu yatapishana sana. Anayekununulia leo anabeba hatari ya kukaa nayo kwenye chumba chake cha chuma hata mwaka mzima, ndio maana anakata hivyo. Ukimwachia akuuzie unaweza kupata zaidi, ila karo haitangoja.

Sasa rafiki wa mzee. Naelewa kabisa kwa nini laki na nusu inakuvuta, na sitaki kumsema vibaya mtu ambaye pengine anataka kukusaidia. Lakini angalia anachokuomba. Silaha itolewe kabla hajapata leseni, na itolewe kwa mlango wa nyuma. Ile namba iliyochongwa kwenye chuma imeandikwa kwa jina la mume wako na iko kwenye OB uliyoiweka wewe. Siku ikipatikana mahali pabaya, hata kama ameibiwa, njia inarudi mlangoni kwako Umoja, na watoto wako wamebaki na mzazi mmoja. Hilo naliogopa kwa niaba yako na sitalificha. Pia utakuwa umempa shemeji ule ushahidi aliokosa. Unaweza kumwambia hivi: shem, maliza leseni yako, ukishakubaliwa ipitie dukani ukaichukue huko kihalali. Kama nia yake ni ya kweli, pesa yake bado itakuwepo.

Hata njia halali ina kizuizi chake. Mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi, Sheria ya Urithi kifungu cha 45 inafanya kuigusa kabla ya hapo kuwa kosa, na hiyo ni kwa mtu yeyote, mjane akiwemo. Sijui kama umeanza mirathi. Kama kuna akiba ya sacco, pesa benki, ploti au lile duka, itabidi uianze tu, na bastola iandikwe kwenye ile fomu ya mahakama ya kuorodhesha mali ya marehemu, P&A 5 pamoja na vitu vingine na thamani yake. Barua ya chifu, mahakama, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali la siku 30 kwa mwenye pingamizi, ndio hati itoke. Ni polepole, na kwa karo ya muhula huu hii bastola huenda isikusaidie hata kidogo, afadhali ulijue sasa uende ukaongee na mwalimu mkuu kuhusu kulipa kidogo kidogo. Upande mwingine, hiyo fomu inakupa kitu unachokitafuta, mahali rasmi ambapo bastola imeandikwa na kila ndugu anaweza kuiona.

Kuhusu fungu la nani, sheria humpa mjane vitu vya kibinafsi na vya nyumbani, lakini bastola wakili anaweza kuibishania, hasa kwa vile mzee aliichukua kwa sababu ya biashara. Muulize wakili hilo swali hasa, usiamue kwa hasira ya kikao.

Kumwachia shemeji inawezekana kama yeye mwenyewe ataomba leseni, achunguzwe, akubaliwe. Inaweza kutuliza, na kuna ndugu ambaye kushika kitu cha marehemu ni kuomboleza pia, umewahi kufikiria kama anachokililia ni ndugu yake zaidi ya laki tano? Hatari yake ni kwamba anaweza kukataliwa, na wewe ukalaumiwa tena. Kuikabidhi serikali moja kwa moja kutakupa pumzi, hutaiona tena, ila hapo hesabu ya pesa imeisha, na ukifanya peke yako bila kuwaambia wakwe, yale maneno ya kwanza yatarudi na nguvu. Na kuna kuiacha stesheni mpaka mirathi iishe. Hii haiumizi mtu leo, inachoumiza ni chuma, ndio maana ya ile barua kwa OCS.

Kijana wako hakuuliza swali la bunduki, nafikiri aliuliza ni nini cha baba kitabaki kwangu. Mwambie ukweli kwamba silaha hairithiwi namna hiyo, akiwa mtu mzima ataomba yake au hataomba, halafu mkae pamoja kwa vitu vya mzee, zile spana zake za duka, saa, hata kile kitabu cha madeni chenye mwandiko wake, mwache achague mwenyewe. Usiende jikoni hiyo siku. Hata ukilia mbele yake ni sawa.

Na mama mkwe. Umesema kimya chake kiliuma kuliko maneno ya mtoto wake, na kwa barua yote ndefu hujaniambia kama umeenda kumwona peke yake tangu mazishi. Mama aliyezika mtoto anaweza kunyamaza kwa sababu nyingi ambazo hazikuhusu. Ungeenda na ile karatasi ya polisi, umsomee namba ya OB, umwambie siku mtu wa duka anakuja kuikagua ungependa shemeji awepo, sijui angesema nini, lakini angekuwa ameisikia kutoka kwako. Unaweza kwenda kabla ya kuonana na wakili au baada, wewe ndiye unayejua nyumba hiyo. Ukishapata makadirio ya duka kwa maandishi, niandikie tena tuisome pamoja.